Kopo la Mama

Wala hakuhema. Aliingiza mkono mmoja chini ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, akamnyanyua mama yake kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha mlangoni. Alipomweka chini akajitazama mikono yake kama mtu aliyevaa saa mpya.

"Umeona?" akamuuliza mkewe.

Mkewe alikuwa anatia kopo la unga wa mgonjwa kwenye mfuko, pamoja na kadi ya hospitali na khanga ya kubadilisha. "Nimeona, baba watoto," akasema. "Sasa tusaidie na mlango, nao usije ukaona wivu."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayebania pumzi zake.

Huyu mwanamume alikuwa dobi, na mtaa mzima walimwita Henga, yaani kile kidude cha kutundikia mashati, kwa sababu nguo yoyote aliyovaa ilimkaa hivyo hivyo: mabega mawili juu, chini upepo. Yeye hakuwa na neno. Pasi haitaki kifua, inataka subira. Alikuwa na kibanda chake, meza iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, mfuko wa wanga wa kukazia kola, na wateja waliomwamini na mashati yao ya harusi. Mtu wa namna hiyo unaweza kumkuta ana miaka thelathini na sita na hajawahi kujitazama mara mbili kwenye kioo.

Kilichomharibu ni bafu. Miezi minne nyuma mama yake aliteleza kule ndani, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Henga akamshika huku, akamshika kule, akavuta, akabadilisha mkono. Mama hakunyanyuka. Mwisho mkewe akatoka kumwita jirani, fundi wa kuchomelea mageti, na yule bwana akaja na aproni yake ya ngozi, akainama mara moja tu, akambeba bibi wa watu kama mto wa kulalia. Akiwa anatoka akampigapiga Henga begani. "Wewe endelea na mashati, kaka," akamwambia. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kuna maneno yanamwingia mtu na hayatoki.

Fundi huyo nyuma ya karakana yake alikuwa na uwanja wa mazoezi: vyuma vya magari vilivyochakaa, makopo yaliyojazwa saruji, benchi, na kioo kimoja chenye ufa. Vijana walimwita Kocha. Henga akaanza kwenda kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi, na kusema kweli wiki ya kwanza hata kuchana nywele alikuwa hawezi, mkono haufiki kichwani. Kocha akamfundisha na kula. Protini ndiyo inayojenga, akamwambia, wanga ndio unaonenepesha, kwa hiyo kama unataka misuli bila kitambi, wanga upunguze na unga wa protini unywe kila ukitoka hapa. Akamwonyesha kopo lake, jeusi, kubwa kama ndoo ya rangi. Henga akanunua la kwake.

Na mwili ukaja, tusimnyime haki yake. Kwanza mabega, halafu hapa kwenye mkono. Alikuwa na mteja mmoja dereva wa lori, mtu wa miraba minne, na shati lake likifika kibandani Henga anafunga pazia, analivaa kwanza, anaangalia limebakiza vidole vingapi kifuani, ndipo anapiga pasi. Mashati yake mwenyewe akayapeleka kwa fundi cherehani yabanwe mikono. Nyumbani akawa anasimama mbele ya kabati mpaka mkewe anamuuliza kama hicho kioo kimemuomba kitu.

Basi mwezi wa tatu wa mazoezi ule unga ukaadimika. Dukani hakuna, duka la pili hakuna. Kocha akamwambia misuli bila protini inarudi ilikotoka, na wala hakuwa anatania. Siku hiyo Henga alirudi nyumbani anajishikashika mikono kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwenye kabati la jikoni, kando ya kopo la chumvi, kulikuwa na kopo la mama.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alishasema unatolewa, ila si kwa mwili ule; afikishe kwanza kilo arobaini na nne ndipo aguswe na kisu. Hospitali wakampa unga wa kujengea mwili, makopo mawili kwa mwezi, ya mgonjwa peke yake. Mwezi wa kwanza alikuwa ametoka thelathini na tisa akafika arobaini na moja na nusu, mkwe wake akapiga vigelegele pale pale kwenye mzani.

Henga akasoma ubavuni mwa kopo. Protini. Neno lile lile.

Akala kijiko kimoja tu. Kesho yake viwili. Wiki haijaisha kopo limeshuka mpaka mtu akilitikisa anasikia, na hapo ndipo alipofanya lile jambo ambalo dobi tu angelifikiria. Alichukua wanga wa kola, mweupe, mlaini, hauna harufu, akajazia. Akajiambia wanga nao ni chakula, ni muhogo huo. Kocha mwenyewe kasema unanenepesha, na mama si anatakiwa anenepe? Kila mtu apate kinachomfaa. Alijiambia hivyo mwezi mzima, asubuhi na jioni, na kila alipojiambia alihakikisha hayuko karibu na kikombe cha mama.

Mama aliwahi kulalamika mara moja kwamba chini ya kikombe kunabaki matope. Mkwe akakoroga zaidi.

Sasa turudi hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, mabenchi yamejaa, feni inapiga kelele kama inasaga mahindi. Muuguzi wa mizani alikuwa mama mtu mzima, miwani imeteremka puani. Alipoita jina Henga akambeba mama yake, akamsimamisha kwenye mzani taratibu, na mama mmoja kwenye benchi akasema bibi amejaliwa kijana. Henga alisikia. Akanyoosha mgongo.

Muuguzi akatazama mzani, akatazama kadi. "Mshushe, umpandishe tena."

Akamnyanyua mara ya pili, na safari hii mikono yake ikamwambia. Hakuna alichokuwa anakiinua. Ilikuwa khanga na mifupa.

"Thelathini na saba," muuguzi akasema. Akageuka kwa mkwe. "Nani anamkorogea?"

"Mimi."

"Vijiko vingapi?"

"Vitano asubuhi, vitano jioni. Kama ulivyonielekeza."

Muuguzi akaomba kopo. Akafungua, akachota kidogo, akasugua kati ya vidole. Ule unga ukalia, kile kilio chembamba cha wanga. Akafunga, na aliposema hakupunguza sauti. Alisema hawa wagonjwa wanakufa kwa mikono ya watu wa nyumbani kwao. Wapo wanaouza unga, wanajazia takataka, halafu wanakuja hapa na nyuso za huruma. Bibi alikuwa apangiwe siku ya kupasuliwa leo. Hiyo siku anapewa mwingine. Na kopo jipya hatoi, mpaka aletwe ndugu mwingine wa kumlisha, si huyu dada.

Mkewe alinyoosha mkono. Aliomba kopo, naye akasugua chembe kidogo kwa vidole. Miaka tisa alikuwa anaukung'uta wanga huo kwenye mikunjo ya suruali za mumewe. Akaufahamu. Akainua macho, hakumtazama usoni, alimtazama mikono, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha akarudisha kifuniko pole pole, akakibana pembeni kote.

Benchi zima lilikuwa linamwangalia mkewe. Mwanamke mmoja akavuta mkoba wake karibu.

Na hapa Henga angeweza kusema labda dukani, labda panya, labda kopo lilikuja hivyo kutoka kiwandani. Alikuwa nayo yote hayo mdomoni. Hata yeye hakujua ni lipi litatoka.

"Ni mimi," akasema.

"Sema nisikie, feni hii," muuguzi akasema.

"Ni mimi niliyekuwa nakula. Halafu najazia wanga. Mke wangu hajui."

Feni ikaendelea kusaga. Halafu mama yake, bado kasimama juu ya mzani, kashika chuma kwa mikono yote miwili, akageuza shingo.

"Kwani ulikuwa na njaa, mwanangu?"

Heri angemtukana. Na hakungoja jibu, akaanza kumtetea kwa muuguzi. Akamwambia huyu tangu mdogo ana tabia hiyo, akiwa na njaa hasemi, utamkuta tu kakaa, wasimfanyie ukali. Muuguzi akamtazama Henga lile shati lililobana, akavua miwani.

"Hana njaa huyu, bibi."

"Sikuwa na njaa, mama," Henga akasema. "Nilitaka mwili."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatiza kicheko. Mama akamtazama mwanawe juu mpaka chini, anajitahidi kweli kuelewa.

"Mwili gani?"

Henga akavuta mikono ya shati lake ishuke, haikushuka.

Muuguzi akatoa kopo jipya, akaliweka mikononi mwa mkwe, akamwomba radhi. Mkwe akasema si neno, kwa sauti ya mtu anayesema neno zima. Wakaambiwa warudi baada ya mwezi, kama mwezi utamkuta bibi. Henga akasogea, akainama, akafungua mikono amshushe mama kwenye mzani.

"Acha," mama akasema, bila hasira. "Nitatembea."

Akashuka. Akashika bega la mkwe wake, wakaanza ujia wote ule, hatua nne wanapumzika, hatua tatu wanapumzika. Henga alikuwa nyuma na mfuko usio na kopo. Wakisimama, anasimama. Mikono ile ilikuwa imenona hata hailali ubavuni, ikabaki imetanuka huku na huku, watu wanaopishana naye wanaipisha.

Mwishoni mwa ujia kulikuwa na ngazi tatu za kushuka nje, kwenye jua. Mama akasimama juu yake. Hakugeuka kuita mtu. Akavua ndala ya kulia, akanyoosha mguu, na kidole gumba kikaanza kuitafuta ngazi ya kwanza.