Taa Yenye Chura

Rafiki yangu Avtar Singh amejaza kabati zima taa za kale. Si za umeme, ingawa umeme ndio uliomlisha tangu Nakuru alikozaliwa mpaka Kingsbury, huku kwa Waingereza, alikozeekea. Ni vitaa vya udongo vya kushika kiganjani, vya Warumi na Wamisri na watu wa Shamu, vilivyowashwa kwa mafuta na utambi kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Amevinunua kimoja kimoja mnadani, na kila kimoja kina karatasi zake za kuonyesha kimepitia mikono ya nani, maana Avtar hataki kitu kilichochimbwa na wezi.

Katikati ya kabati pana nafasi tupu. Hapo ni pa chura. Wamisri wa enzi za Warumi walikuwa na taa zenye chura mgongoni, na Avtar anamtafuta wake miaka sasa. Mwaka juzi alimwona, akawa anapandisha dau kwa kompyuta sebuleni, mara mtandao ukaganda. Ulipozinduka, chura ameshakwenda kwa mtu wa Ubelgiji. Mkewe Pushpa aliniambia siku ile Avtar hakugusa chapati. Mimi nimezila chapati za Pushpa. Mtu asiyezigusa ana msiba.

Basi majuzi akatokea chura mwingine, kwenye jumba dogo la mnada upande wa Peckham. Avtar alikuwa ametoka kupasuliwa goti, hawezi hata ngazi za mlango wake.

"Harrison," akaniambia, "kompyuta siiamini tena. Nenda wewe. Kazi ni rahisi. Unapewa kibao chenye namba, unakiinua mpaka wenzako wachoke. Usinifanyie ujanja."

"Mimi?" nikasema. "Nimenunua ngozi Berbera na sukari Lubumbashi. Utanifundisha kununua?"

"Ndiyo maana nakwambia usifanye ujanja."

Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja Voi, lingine Mombasa, mengine melini jikoni. Soko ndilo nililosoma mpaka mwisho. Na soko linataka mambo mawili tu. Kwanza, ukikipenda kitu, kikashifu. Pili, bei ikikushinda, ondoka polepole, utaitwa.

Nilifika mapema, watu wakiwa bado wanatazama mali. Chura alikuwa kwenye kioo, kati ya shanga za kale na kichwa cha sanamu kisicho na pua. Mdogo, mnene, amejibanza juu ya taa kama anataka kuruka. Nikampenda pale pale. Kwa hiyo nikainua sauti, kwa Kiingereza changu cha melini.

"Hii nayo ni taa? Mdomo umemegeka! Jicho moja limefutika. Huyu ni chura au kiazi?"

Bwana mmoja mwenye tai akasogea mbali nami. Nikajisemea, tayari mmoja amekata tamaa. Nikazunguka, nikarudi, nikamtukana chura tena.

Mnada ukaanza. Dalali alikuwa kijana mwenye miwani, anaongea kama maji ya bomba. Chura alipofika, dalali akaanza na pauni mia tatu. Kimya. Mia mbili. Kimya. Mia moja. Moyo wangu ukacheka. Kumbe kashfa zangu zimeingia, jamaa analegea mwenyewe! Nikainua kibao.

Lakini nyuma yangu akainua mtu. Nikainua. Akainua. Tukapandishiana hivyo, na pesa aliyonipa Avtar ilikuwa bado inatosha kabisa, nasema kweli. Lakini damu ya soko ikanipanda. Nikaona huyu dalali ananikamua. Ngoja nimwonyeshe kwamba sina shida na chura wake.

Nikasimama. Nikakung'uta koti. Nikaanza kwenda mlangoni, mwendo ule wa mtu anayengoja kuitwa, hatua ndogondogo, bega moja limegeuka nyuma kidogo. Pale Lubumbashi ningekuwa nimeshavutwa mkono.

Nikasikia nyundo. Ko!

Nilipogeuka, dalali alikuwa ameshafika kwenye sanduku la vijiko.

Nikasimama pale mlangoni kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Nikaiona akilini nafasi ile tupu katikati ya kabati. Nikaona na goti la Avtar limewekwa juu ya mto, na simu pembeni yake.

Walipotoka kulipa nikamtafuta aliyenishinda. Alikuwa mama wa makamo, koti jekundu, viatu vya watu wanaosimama kazini kutwa. Nikamwendea kwa adabu, Kiingereza kimenyooka. Samahani madam, ile taa ndogo, je, ungependa kuiuza?

Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mzee," akasema, kwa Kiswahili cha Nairobi, "si ulisema ni kiazi?"

Nikakung'uta koti tena.

"Naitwa Marion. Mimi ni nesi, nakaa Edmonton. Nilikuja kununua zile shanga, zikanishinda bei. Nikawa naenda zangu, ndipo nikakusikia. Mama yangu aliuza nguo soko la Gikomba miaka yote. Alituambia, mteja akilitukana shati mara moja, hana pesa. Akirudi kulitukana tena, usimpunguzie." Akaupigapiga mfuko wake wa dukani. "Watu wote mle ndani walidhani wewe una wazimu. Mimi nikajua umeona kitu."

"Mama, nitakurudishia ulicholipa, na kidogo juu."

"Kidogo gani?"

Nikataja.

"Mzee, huyu chura amevuka bahari na miaka yote hiyo, unampa nauli ya basi?"

"Lakini kweli mdomo umemegeka."

"Umeanza tena!" Akacheka mpaka bwana mwenye tai akageuka.

Tukavutana, kila mmoja akaapa, kila mmoja akasikitika. Sijafurahi hivyo siku nyingi. Lakini bei aliyoing'ang'ania ilipita pesa niliyokuwa nayo. Ikabaki dawa moja tu. Nikamuaga, nikaondoka polepole.

Hakuniita. Binti wa Gikomba huyo, ataniitaje!

Nikafika kituo cha basi. Mvua ya rasharasha. Punde naye akaja, akasimama upande wa pili wa benchi, mfuko kifuani. Kituo ni hicho kimoja. Yeye akatazama kulia, mimi kushoto. Basi likaja, likafungua mlango, likangoja, likaondoka. Hakuna aliyepanda.

"Umeliachia basi lako, mzee," akasema bila kunitazama.

"Lilikuwa limejaa."

"Lilikuwa tupu."

Simu yangu ikalia. Masikio yangu yameshachoka, kwa hiyo simu huwa naiweka kwenye spika. Sauti ya Avtar ikajaza kituo kizima.

"Harrison! Mbona kimya? Umempata?"

Nikautazama mfuko wa Marion.

"Nimeshapafuta vumbi mahali pake," akaendelea. "Nimesimama kwa mguu mmoja, Pushpa ananigombeza hapa. Sema basi, ndugu yangu. Kama amekwenda, amekwenda. Niambie tu nikakae."

Marion akaja upande wangu. Akaichukua simu mkononi mwangu kama nesi anavyomnyang'anya mgonjwa sigara.

"Mzee, habari yako. Chura yuko njiani. Kuna shida ya mabasi kidogo. Sasa kaa chini, huo mguu haujapona." Akakata. Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia ni ya mgonjwa?"

"Bei ingepanda."

"Ingeshuka, mzee! Wewe soko gani ulisoma?" Akatikisa kichwa. "Nipe nilicholipa, basi. Na chai. Na nipaone hapo mahali alipopafuta vumbi."

"Ungepunguza kidogo..."

"Usinichokoze."

Kufika Kingsbury, Avtar alikuwa mlangoni na magongo, Pushpa nyuma yake amemshika sweta asianguke. Avtar akakaa. Akafungua kisanduku alichokitoa Marion mfukoni, akaondoa karatasi za kufungia moja moja. Akamweka chura kiganjani, akamgeuza chini ya taa ya dirishani. Chai yangu ikapoa.

"Mdomo umemegeka," akasema.

Nikamtazama.

"Jicho hili halipo. Udongo wenyewe hafifu. Miguu ya nyuma imekaa vibaya. Harrison, hiki ni chura kweli?" Na huku anamfuta taratibu kwa pindo la shati lake, anamgeuza tena, anamfuta.

Marion akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono. "Kama ni mbaya hivyo, mzee, nirudishie."

Avtar akamkumbatia chura kwa mikono miwili, gongo likaanguka sakafuni.

"Wacha mchezo, mama!"

Pushpa akacheka, akaenda kuleta kachori za moto. Mimi nikasogeza kiti changu karibu na mahali sahani ingewekwa.