Nailoni ya Godoro

Mama alisinzia amesimama, ungo ukiwa mikononi. Ulezi ulianza kumwagika upande mmoja, taratibu, kama maji, na kuku wakaja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Nilimwangalia nikidhani anatania. Huyu alikuwa mwanamke wa kuokota punje moja moja chini ya kinu. Halafu akaanguka, paji la uso likagonga ukingo wa kinu.

Dada yangu Rosina alimfikia kabla yangu.

"Mama! Mama!"

"Niko macho," alisema mama. Damu ilikuwa inamshuka kwenye nyusi, na macho yenyewe alikuwa ameyafumba.

Hiyo ilikuwa kijijini kwetu Mollo, mwezi wa saba, wakati upepo wa Ufipa unapita kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa na hakuna kitu cha kuuzuia. Miaka saba imepita. Mama tulimzika mwaka juzi, kwa ugonjwa mwingine kabisa, lakini nikimkumbuka simwoni kitandani hospitali. Namwona na ule ungo.

Alikuwa anapungua tangu Pasaka. Alisinzia kwenye misa, alisinzia kwenye jumuiya watu wakisali rozari. Mashavu yaliingia ndani. Rosina, ambaye aliishi naye, alinipigia simu mara mbili. "Kaka, mama anatuacha hivi hivi tunamwangalia." Mimi nikamjibu ni uzee. Mimi ni mtu wa kusema haraka. Niliacha shule darasa la tano nikaenda kubeba magunia ya mahindi sokoni Sumbawanga, na kwenye magunia hakuna anayekusubiri upange maneno.

Kabla ya mwaka huo, maisha yake yote mama alilalia maganda ya mahindi. Kila baada ya mavuno alifungua lile gunia kubwa alilolishona mwenyewe, akamwaga maganda ya zamani, akajaza mapya, na sisi watoto tukapewa kazi ya kuyakanyaga mpaka yalainike. Tulirukaruka humo tukicheka mpaka tukapaliwa. Usiku huo wa kwanza chumba kizima kilinukia shamba, na tulilala wote watatu, mimi, Rosina na mama, migongo ina joto, nje baridi ikilia. Sijawahi kulala vile tena. Nimelala kwenye nyumba za wageni zenye vyandarua na mashuka meupe, sijalala vile.

Lakini nilipokuwa mtu mzima niliyaonea aibu yale maganda. Mama yangu, wa kulalia maganda kama ndama? Kabla ya Pasaka nikanunua godoro la sponji, nene, la maua mekundu. Tulilipakia kwenye bodaboda, mimi nimebanwa kati ya dereva na godoro, upepo ukitusukuma kila upande hadi Mollo. Watu walitoka nje kutazama. Maganda niliyachoma siku hiyo hiyo.

Rosina alileta kisu achane nailoni. Nikamshika mkono.

"Acha. Ikitoka hiyo, vumbi lote la Mollo limeingia."

"Sasa atalalia nailoni, kaka?"

"Tandika shuka juu. Godoro bila nailoni ni godoro la mtumba."

Hivyo ndivyo nilivyoamini, na si mimi peke yangu. Kwangu mjini makochi yalikuwa na nailoni mwaka wa tatu, na rimoti ya televisheni nayo. Kitu kikiwa ndani ya nailoni, mgeni akiingia anajua hapa pana watu.

"Mama," nikasema, "nikija nataka nilikute hivi hivi."

"Sawa, baba. Nimesikia."

Alisikia kweli. Kila nilipokuja niliingia kwanza chumbani, nikafunua shuka, nikapiga nailoni kwa kiganja. Safi. Ndipo nikakaa kunywa togwa. Mzee Teodori, jirani yetu, alikuwa akinifuata hadi mlangoni kwa kicheko. "Mama Yusto, ukifa tutakuzika na hilo godoro ndani ya nailoni yake. Mchwa watakuzunguka tu, hawajui waingilie wapi!" Mama naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ile ya kinu tulimpeleka zahanati. Walimsafisha kidonda, wakampima malaria, wakapima presha, wakapima sukari. Hakuna kitu. Muuguzi, binti aliyeitwa Jenifa, akavuta kiti karibu.

"Bibi, unalala?"

"Nalala. Saa mbili nimeshalala."

"Na usingizi unakuja?"

Mama akainamisha kichwa. Akaviangalia viatu vyangu.

"Kulala nalala," akasema. "Usingizi ndio hauji."

"Unalalia nini?"

"Godoro. Jipya. Kaninunulia huyu."

"Jipya la lini?"

"La kabla ya Pasaka."

"Basi si jipya, bibi."

"Ni jipya," mama akasisitiza. "Halijatolewa nailoni."

Jenifa akaweka kalamu chini. Hakumwangalia mama, aliniangalia mimi.

"Kaka, wewe umewahi kulilalia?"

"Godoro ni la mama."

"Sijauliza ni la nani."

Tulirudi Mollo. Saa nane mchana nikaingia chumbani, nikavua sweta, nikalala chali juu ya shuka la mama. Mwanzoni nikaona mbona pazuri. Baadaye mgongo ukaanza kuwaka, shati likanata. Nikageuka ubavu, godoro likapiga kelele kama mtu anakunja bati, na shuka likateleza lote upande wa ukutani. Nikarudi chali, na pale palipokuwa na jasho sasa pana baridi ya kaburi. Nilivumilia labda robo saa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, bandeji kwenye paji.

"Nikijigeuza linamwamsha Rosina," alisema, kama anaomba radhi. "Kwa hiyo sijigeuzi."

Tangu kabla ya Pasaka hadi mwezi wa saba mama yangu alikuwa hajigeuzi. Alilala amenyooka kama maiti, anasubiri jogoo, ili mimi nikija nikute nailoni safi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe, Yusto?" Alinitazama bila hasira yoyote. "Wewe mtu anakuambia vipi?"

Nilichukua kisu. Nikakiinua niipasue nailoni. Mama akaja mbio.

"Taratibu! Usichane hovyo, tutaanikia ulezi."

Basi nikakata polepole kwenye mshono, nikaivua nzima kama ngozi ya mbuzi. Godoro likatoa pumzi. Mama akatandika blanketi lake la zamani, kisha shuka, akakaa pembeni, akabonyeza kwa vidole.

"Nalijaribu kidogo tu. Kazi bado nyingi."

Akajilaza ubavu wa kushoto. Akageuka kulia. Akasikiliza. Akageuka tena kushoto, na sura yake ilikuwa ya mtoto anayengoja kugombezwa. Hakuna sauti. Nilitoka nimtafutie blanketi la pili, na niliporudi alikuwa anakoroma.

Nikafunga mlango, nikaweka kigoda mbele yake, nikakaa. Mzee Teodori akaja na habari zake.

"Mama Yusto yuko wapi?"

"Amelala."

"Mchana huu? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala. Sema polepole."

Akanitazama, akaitazama nailoni iliyokunjwa kando yangu, akaondoka kwa ncha za vidole vya miguu, mzee mzima.

Rosina alikuwa mashineni, kwenye foleni ya kusaga. Jua likashuka, ng'ombe wa watu wakapita, mama kimya. Nikaona mama ataamka hakuna chakula. Nikawasha moto mwenyewe, mara ya kwanza tangu nioe.

Aliamka giza linaingia, alama ya mikunjo ya shuka imechorwa shavuni. Alinawa bila haraka. Alikata tonge, akachovya kwenye maharage, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Yusto," akasema, "ugali wako mbichi."

Nikauchukua, nikaurudisha motoni.