Mawe ya Tadea

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Wendelin, alipiga marufuku jina la wifi yangu. Ndivyo mambo yalivyoanza, na ukiona nasimulia kwa hasira usishangae, maana hasira yenyewe haijaisha. Alisimama kwenye mkutano, mbele ya watu wazima wenye akili zao, akasema wageni wakifika mtu yeyote asimwite Lidia "Mama Tadea". Aitwe Lidia, au mke wa Isidori, basi.

Ukitoka Mbamba Bay ukafuata ziwa kuelekea kusini, kijiji chetu ndicho cha mwisho. Mbele yetu ni Msumbiji, ila mpaka wenyewe hakuna aliyewahi kuuona. Wajerumani na Wareno waliweka alama zao za mawe zamani hizo. Nyingine nyasi zilizifunika, nyingine watu waliyabeba mawe yake kwenda kutengenezea mafiga. Tunaoana na watu wa ng'ambo, tunazikana, na Kinyasa chetu ni kimoja. Katikati yetu na wao lipo bonde la Chipapa, bonde la mpunga. Sisi tulilima mwanzoni mwa bonde na wao mwishoni, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kitambulisho.

Lidia alitujia wakati wa vita vya Msumbiji, akiwa na binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa na homa. Alimfia njiani, kabla hata hawajafika bondeni. Huku kwetu mtu akifia safarini huzikwa palepale, pembeni mwa njia, na kila anayepita huokota jiwe akaliweka juu yake. Asiyeweka, wazee husema, huondoka na kile kifo nyuma yake. Na njia ile ilikuwa na watu kweli: wakimbizi, wanawake wenye magunia ya usipa, dagaa wa ziwa letu, vijana wanaokwenda kuposa. Miaka ilivyokwenda, mawe yalipanda mpaka yakafika kifuani mwa mtu mzima. Watu wengi walioyaweka hawakujua hata aliyelala chini yake ni mtoto wa umri gani.

Kaka yangu Isidori alimwoa Lidia baada ya msiba ule. Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo alibaki Mama Tadea, na kila Jumapili baada ya misa alishuka bondeni, akapanda upande wa pili, akang'oa magugu pale kwenye mawe na kukaa. Siku nyingine nilikwenda naye. Alikuwa akimsimulia mtoto habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kagombana na nani, na mimi nilikuwa nikimsahihisha pale alipokuwa ananisingizia.

Halafu biashara ya mazao ikaachiwa huru. Wenzetu wa milimani, kule Mkumbi na Kitura, walianza kufuatwa na wanunuzi binafsi wa kahawa, na sisi tukafuatwa na wanunuzi wa mpunga, malori yanashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Mpunga ambao tulikuwa tunautwanga wenyewe ukawa mali. Bonde la Chipapa, ambalo hakuna aliyekuwa akilitaja kwenye mkutano, likatajwa kila mkutano. Watu wakaanza kupima mashamba yao kwa macho mabaya.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja habari ya wapimaji. Serikali zetu mbili zilikuwa zimekubaliana kufufua alama za mpaka. Aliyetangulia kuja kutueleza alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Daniel, mtu wa Singida, mpole, anayewaamkia wazee mpaka wanachoka kuitikia.

"Shikamooni wazee wangu. Hatuji kumnyang'anya mtu kitu," alisema. "Tunaweka alama leo ili kesho wajukuu zenu wasije wakapigana na wajukuu wa jirani. Tunafuata alama za zamani, hatuweki mpya. Hapa kwenu moja imepotea. Anayejua mawe ya zamani yalipo, atuonyeshe wenzetu wa Msumbiji wakifika."

Maneno mazuri, na mimi niliyapenda. Lakini mtu mmoja akauliza bonde litakuwa la nani, na Daniel akajibu kwa ukweli kwamba litakuwa upande wowote ambao mawe yataonyesha. Hapo nikaona wanaume wanaangaliana.

Daniel alipoondoka wanaume walikaa kikao. Nilikuwepo, ndiyo maana najua. Wendelin alisema kama alama ikiwa mbele ya bonde, bonde ni la kwetu lote, na kama ikiwa nyuma yake, tumekwisha, watu wa ng'ambo watatufukuza ndani ya msimu mmoja. Kisha akasema, kama mtu aliyeokota kitu, kwamba mbele ya bonde kuna rundo kubwa la mawe, la zamani, lenye ukoga.

"Lile ni kaburi la mtoto," nikasema.

"Scholastica, kaa chini."

"Nimekaa. Lile ni kaburi la Tadea, na wewe mwenyewe umeweka jiwe pale. Nilikuona."

Alinijibu kwamba hakuna atakayemgusa mtoto. Wapimaji wangeondoa mawe ya juu tu, wangemwaga zege, wangeandika namba, wangeondoka. Alikuwa ameona makaburi ya mapadre kule misheni, yaliyojengewa kwa saruji, akadhani alama ya mpaka hujengwa hivyohivyo, juu ya ardhi. Wote walidhani hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bikoni, yaani hiyo alama yenyewe, ikijengwa, na hakuna aliyemwuliza Daniel, kwa sababu kumwuliza kungemfanya naye aulize.

Isidori ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia mkewe. Aliniita niwepo, maana aliogopa. Alimwambia yote, anatazama vidole vyake vya miguu. Nilingoja Lidia alipuke. Mimi ningelipuka, ningevunja chungu.

Lidia alikuwa akichambua dagaa wake kwenye ungo. Alichambua mpaka akamaliza.

"Mlinipokea," alisema. "Nilikuja sina hata kijiko. Mlinipa shamba palepale bondeni. Nikiwaharibia, nitakula wapi na nitamwangalia nani usoni?"

"Wifi, hawana haki ya kukuomba hivyo," nikamwambia.

"Najua, wifi." Akafuta mikono kwenye khanga. "Lakini wakimwekea saruji, mvua haitamfikia tena. Kila masika nilikuwa namhurumia kwa ile mvua."

Nililia njia nzima kurudi kwangu. Sikulia kwa ajili ya mtoto. Nililia kwa jinsi alivyotafuta kitu cha kushukuru.

Siku wapimaji walipokuja, kijiji kizima kilivuka bonde. Wao walikuwa kundi, wetu na wa Msumbiji, na vyombo vyao vya miguu mitatu. Wazee wa ng'ambo nao walikuja kushuhudia, akiwemo Joakim, ambaye dada yake ameolewa kwetu. Alipoona tunaelekea kwenye lile rundo alikunja uso, akamtazama Wendelin, kisha akafuata. Baadaye alisema alifikiri tunasimama kumwekea mtoto jiwe kwanza, na mawe yalipoondolewa mbele ya mama mwenyewe akadhani karidhia mtoto ahamishwe, hivyo neno si lake.

Daniel alizunguka rundo, akagusa ukoga. "Haya ndiyo ya enzi za Wajerumani, Mwenyekiti?"

"Babu zangu waliyakuta," alisema Wendelin, bila kupepesa.

Vijana wa kazi wakaondoa mawe, moja moja, wakayapanga pembeni. Lidia alisimama kando yangu, mkono wake ndani ya mkono wangu. Mawe yalipokwisha ikabaki ardhi tupu, imebonyea kidogo. Nikasema moyoni, haya, mwageni zege lenu mwende.

Kijana mmoja akashika sululu.

"Anafanya nini?" Wendelin akauliza.

"Tunachimba," alisema Daniel. "Wakoloni walikuwa wakifukia chuma au chupa chini ya mawe. Tukikipata ndiyo uthibitisho. Na hata tusipokipata, bikoni lazima iwe na msingi, Mwenyekiti. Haiwezi kusimama juu ya nyasi."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo, na Lidia akanibana mkono mpaka vidole vikaniuma, huku akitikisa kichwa. Alikuwa bado anatutunzia bonde letu. Nilimtazama kaka yangu, nikamwona amegeuka anatazama ziwa. Nilimtazama Wendelin, naye anatazama kofia yake. Sululu ikashuka.

Haikushuka mara nyingi. Mtoto alizikwa na mama aliyekuwa akikimbia, kwa jembe la kuazima, si kwa kina. Kilichotoka kwanza ni kitambaa, kile cha kubebea mtoto, rangi imekufa lakini mshono upo. Kijana wa sululu akaruka nyuma. Daniel akapiga magoti, akafukua kwa mikono, kisha akaacha kufukua.

"Huyu ni mtoto," alisema. Alitutazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Wazee, huyu ni mtoto wa nani?"

Watu mia na zaidi, na hakuna aliyejibu. Katika maisha yangu nimesikia aibu nyingi, ila ile ya ukimya ule sijasikia mfano wake. Wendelin akasema kwa sauti ndogo, "Hatujui. Labda wakimbizi."

Lidia akaachia mkono wangu. Alikwenda mpaka kwenye shimo, akapiga magoti upande wa pili, akitazamana na Daniel.

"Mimi ni Mama Tadea," alisema.

Daniel hakupiga kelele. Alivua kofia, akamwambia, "Nisamehe, mama," akasimamisha kazi. Yule mkubwa wa wapimaji wa Msumbiji akavua koti lake akaomba litumike, lakini Lidia alikuwa ameshavua khanga yake ya juu. Aliokota kila kitu mwenyewe. Isidori alipotaka kumsaidia alimsogeza kwa kiwiko, taratibu, kama unavyomsogeza mtu aliyesimama mlangoni.

Tulisema tumzike upya kwenye makaburi ya kijiji. Wendelin mwenyewe alijitolea kununua sanduku, na katekista akakubali kufanya ibada. Lidia alikataa.

"Nampeleka kwetu," alisema. "Huku alikuwa mpita njia."

"Na wewe utarudi lini?" Isidori akamwuliza.

Alimtazama kwa huruma, na ile huruma ilinitisha kuliko matusi. Alimfunga Tadea mgongoni, akashika njia ya kusini pamoja na Joakim na wazee wake. Nilimsindikiza mpaka aliponiambia inatosha, wifi, rudi. Hakuwahi kurudi, na tulikuja kusikia kwamba anaishi na mama yake mdogo, mbali, kule ndani.

Wapimaji waliendelea kutafuta. Chuma cha Wajerumani kilikuwa kwenye kilima cha huku kwetu, chini ya majani, nyuma kabisa ya bonde. Wakachimba, wakajenga bikoni yao nyeupe, viongozi wakapeana mikono na kupigwa picha. Bonde la Chipapa lote likawa la Msumbiji. Kijiji kilikuwa kama kimefiwa. Na Wendelin alipita njia za nyuma.

Mvua zikaja. Hakuna mtu wa kwetu aliyeshuka bondeni. Isidori alikaa kwenye nyumba isiyo na moto, mimi nampelekea ugali anaula nusu. Mwisho nilimchukua, tushuke tukachukue majembe tuliyoyaacha kwenye kibanda cha shambani, angalau hayo. Tulimkuta Joakim shambani kwetu. Alikuwa akizibua mfereji wetu, maji yaingie.

Kaka yangu alimwamkia kwa unyonge, akamwambia tumekuja kuchukua majembe tu, tunajua shamba ni lao sasa, tunaondoka.

"Mnakwenda wapi?" Joakim alishangaa. "Msimu unapita. Nawazibulia mfereji kwa sababu naona mmechelewa, nikasema labda bado mna msiba."

"Lakini mpaka..."

"Mpaka ni wa serikali, shemeji. Tulikaa kikao hata kabla wapimaji hawajaja. Tulisema, upande wowote utakaoangukia, kila mtu alime alipolima baba yake." Alisimika jembe kwenye tope. "Si mngetuuliza tu?"

Isidori alikaa palepale kwenye tuta lenye maji akalia kwa sauti, mtu mzima. Joakim alinitazama nimnyamazishe. Sikumnyamazisha.