Mkwaruzo Karibu na Taa ya Pili

Mume wangu Velimir ametengeneza redio za nusu ya mji wa Kikinda, na hata sasa, miaka minane baada ya kustaafu, hapiti karibu na kitu kinachonguruma bila kukiinamia. Kwa hiyo amplifaya ya gitaa lake ilipoanza kukwaruza Jumatano, nilidhani ataimaliza kabla supu haijapoa. Ikafika Ijumaa. Supu ilikuwa nyingine, mkwaruzo ulikuwa ule ule.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, aliiunda kwa mikono yake kabla hatujaoana. Ni ya taa, vile vichupa vya kioo vinavyochukua dakika nzima kupata moto. Ikiwa baridi, kimya. Ikishika moto, inatatarika kama mafuta yaliyoingia maji. Velimir alichomoa gitaa, ikaendelea. Akashusha sauti mpaka mwisho, ikaendelea. Akagonga taa moja moja kwa penseli, sikio ameliinamisha. Ya kwanza haikusema kitu. Ya pili ikamjibu kwa mkwaruzo.

"Ni hapa," akasema. "Taa ya pili."

Akaibadilisha. Akaibadilisha tena. Akalehemu vipuri vipya kuizunguka. Wapi!

Ijumaa mchana akaja Stojan, mpiga ngoma wa bendi ya Velimir. Kesho yake bendi ilikuwa ipige kwenye ukumbi wa zimamoto, kusherehekea miaka yake hamsini, na Velimir alikubali kwa shingo upande, maana hakuwa amegusa gitaa tangu tumzike Ratko, mwimbaji wao.

"Mzee, hiyo si taa," Stojan akamtania. "Ni masikio yako."

"Masikio haya yanakusikia ukikosea mdundo tangu ulipojiunga nasi mwaka sabini na nane, tena kila Jumamosi."

Stojan akacheka. Velimir hakucheka. Aliweka bisibisi mezani taratibu, na mimi ninayemjua nikaona ameumia.

"Ikifika jioni sijaipata, mtapiga bila mimi," akasema. "Hii naishusha stoo, haitoki tena. Fundi asiyesikia kosa lilipo ni fundi wa nini?"

Ili kubadilisha mazungumzo, nikamtilia Stojan kiglasi cha rakija, pombe yetu kali ya matunda, ile ya asali aliyoizoea. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji! Hii si ya kunywa, hii ya kuchulia mgongo!"

Nikakinusa kiglasi: hakikuwa na asali hata tone.

Kwetu rakija inasafisha koo, inasafisha madirisha, na Velimir mwenyewe huisafishia soketi za taa, ile kali, isiyo na kitu ndani. Nyuma ya mlango wa jikoni nina chupa mbili, moja ya kali na moja ya asali, zote zilizokuwa za maji ya madini, zote bila karatasi, kwani nani anaandika kwenye chupa nyumbani kwake? Na Jumanne, Velimir alipokwenda kwa daktari wa meno, nilifungua ile amplifaya ambayo kwa miaka yote haiguswi na mtu ila yeye. Nilichomoa taa, nikapangusa soketi kwa pamba na rakija kama nilivyomwona akifanya, nikajisifu sana. Kumbe nilishika chupa ya asali.

Ningeweza kunyamaza. Stojan alipoondoka nilikata kabichi isiyohitaji kukatwa kwa dakika kumi nzima. Halafu nikamsikia Velimir sebuleni akizungusha waya wa umeme, ule mzunguko wa mtu anayefungasha.

"Ni mimi," nikamwambia. "Niliifungua Jumanne."

Aligeuka polepole. Nikamweleza yote, pamoja na chupa. Alihakikisha umeme umetoka wote ndani, akachomoa taa ya pili, akapitisha kijiti cha pamba kwenye soketi, akakilamba.

"Asali," akasema.

Nilingoja radi. Badala yake akaketi sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Taa ya pili! Nilisema, sikusema? Nilibadilisha kila kitu isipokuwa soketi, kwa sababu haijaguswa na mtu! Mke wangu wee, umetaka kunizika mzima!"

Nikamletea chupa iliyo sahihi, nimeionja kwanza. Akasafisha soketi zote, akarudisha taa, akawasha. Tukakaa kuisubiri ipate moto, yeye sakafuni, mimi kwenye mkono wa kochi.

"Lakini uliifungua kwa nini?"

"Ulikuwa hupigi. Nikafikiri ukiikuta safi, utapiga."

Taa zilikuwa zimeshika rangi ya chungwa. Hakuna mkwaruzo. Alisikiliza kwanza, ndipo akasema, bila hasira, "Desanka, miaka arobaini na minne unaniambia nipunguze sauti. Hujaniomba nipige hata siku moja."

Ilikuwa kweli, na iliniuma vibaya. Mtu huyu nampenda kuliko macho yangu, na hata hivyo alilosema ni kweli.

"Nakuomba sasa," nikasema.

Akavuta gitaa. "Wimbo gani?"

Nikafungua mdomo, na sikujua jina la hata mmoja.

"Ule mrefu," nikamwambia. "Ninaoujua kupitia ukuta wa jikoni."

Akanitazama kidogo, kisha akapandisha sauti.