Namba ya Oduor

Kiprugut alizikwa bila mkono wa kulia. Majambazi walimkata kwa panga pale karibu na Salgaa, wakaondoka na lori la unga, wakamwacha mtaroni akimwita mamake mpaka sauti ikakatika. Alikuwa dereva wa tatu kuvamiwa mwaka huo, na wa kwanza kufa.

Winrose, mpokea simu wa yadi yao ya malori mjini Nakuru, ndiye aliyemtambua mochari. Alirudi kazini akiamini kitu kimoja: kuna mtu wa ndani anayewauza.

Kwenye kompyuta alikuwa na faili lenye safu tatu, moja kwa kila uvamizi. Kila safu ilibeba namba zilizopiga simu siku hiyo kuuliza lori liko wapi. Namba iliyomo kwenye safu zote tatu ndiyo ya msaliti. Akaandika amri kwenye skrini nyeusi: kusanya namba zote, hesabu, toa iliyotokea mara tatu kamili.

Ikatoka moja, ya Oduor, fundi wa breki.

Micah, msimamizi wao, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Kumbe ni huyu alimuuza Kiprugut," akasema, na kabla Winrose hajageuka alikuwa ameshafika nje kuwaambia madereva.

Walimvuta Oduor miguu kutoka chini ya trela. Teke la kwanza lilimpasua mdomo. Micah akaja na spana ya magurudumu, akamshushia gotini, mfupa ukavunjika kwa mlio uliofika mpaka ofisini.

"Boss, nimefanya nini?" Oduor aliuliza huku akitema damu.

Winrose akarudisha macho kwenye faili. Namba ya Oduor ilikuwa mara tatu, ndiyo, lakini zote katika safu moja. Siku hiyo alikuwa akilitafuta lori lenye breki mbovu. Kwenye safu zile nyingine mbili hakuwemo kabisa.

Alitoka mbio, akajitupa juu ya Oduor. "Muacheni! Ni mimi nimekosea hesabu."

Spana ilikuwa imeshainuliwa. Ilimpata mkononi, ukavunjika juu ya kiwiko. Walipomsikia akilia, madereva walirudi nyuma.

Gathogo, dereva mzee kuliko wote, alimshika bega wakarudi ofisini. Winrose aliiandika amri upya kwa mkono wa kushoto: ndani ya safu moja, namba ihesabiwe mara moja tu, hata ikirudi.

Ikatoka ya Micah. Mwanzoni ilikuwa imeponyoka kwa sababu alipiga mara mbili siku aliyokufa Kiprugut, hesabu ikawa nne.

"Soma vizuri, mama," Gathogo alimwambia. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Gathogo alipotoka kuwaambia madereva, Micah alikuwa tayari anakimbilia geti. Walimfikia hapo hapo, wakatumia spana yake mwenyewe. Winrose aliona yote kupitia dirisha. Mara mbili Micah alilitaja jina lake, akimwomba aseme tena kwamba amekosea. Mlango ulikuwa wazi. Hakutoka.

Polisi walimkuta Micah amefunikwa turubai. Oduor alikatwa mguu hospitalini. Afisa alipomuuliza Winrose kama alijaribu kuwazuia, alijibu, "Yule wa kwanza, ndiyo."