Mkono wa Kushoto wa Biasha

Lori la kambi ya Wazungu waliolima karanga lilipotoka kijijini Malolo kurudi Nachingwea, mkono wa kushoto wa Biasha ulikuwa umekwisha kupanda, umekaa nyuma juu ya magunia ya ufuta. Biasha mwenyewe alibaki uani na mimba yake kubwa, akichambua mtama kwa mkono uliobaki.

Ndui ilikuwa imefika Nandagala, kijiji cha jirani. Biasha alikuwa amesema anataka kwenda kambini kuchanjwa, apone yeye na mtoto. Basi wanaume wakaweka baraza. Mumewe, Bashiri, alisema tumbo ni lake, na hataki dawa ya Wazungu imfikie mwanawe. Mjomba Isihaka, ambaye kwa desturi ya huko ndiye mwenye wapwa na watoto wa wapwa, alisema mkono ni wa ukoo, na tumbo vilevile.

"Tumbo umelikuta hapa, mkwe wangu. Wewe ulikuja na jembe tu."

Watu wakacheka. Lakini Isihaka naye hakutoa ruhusa. Jambo zito kama hilo lazima kwanza amwulize mjomba wake mwenyewe, na huyo alikuwa amekufa zamani, hajajibu.

"Na mimi je?" Biasha akauliza.

"Si ndiyo tunakuzungumzia wewe, mwanangu," Isihaka akasema kwa upole. "Tulia."

Mkono ukaona unacheleweshwa, ukaondoka.

Kule kambini ulipanga foleni. Mchanjaji, Ignasi, aliuchanja kama mingine; miaka yote alitazama mikono tu, hakuona kilichopungua. Ukarudi na lori la jioni, ukajishika mahali pake. Baraza lilipouona, likaanza kujadili kidonda kile ni cha nani.

Ndui ikaingia Malolo. Isihaka alikufa akingoja jibu, akazikwa pembeni ya mjomba wake, huenda wameshazungumza. Bashiri alipona, uso umejaa makovu, akaenda kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Karanga ziliposhindwa na Wazungu wakaondoka, akarudi na kofia tu. Ignasi alihamishiwa Lindi. Biasha hakuugua. Alimzaa Sabaha, mtoto wa kike, na mtoto alikuja na kovu la chanjo mkononi.

Siku ya arobaini ya mtoto baraza lilikaa tena, na mjomba mpya. Safari hii walielewana haraka: mkono wa kulia wa Sabaha ni wa baba yake, wa kushoto ni wa wajomba. Biasha aliambiwa aende akapike wali wa wazee.

Akapika, kwa mikono yote miwili.