Masanduku ya Popo ya Nyololo

Bado naikumbuka harufu ya kanisa letu la nyasi, na sioni aibu kusema naitamani. Mwaka 1956 kigango chetu cha Nyololo kilipata mabati ya kuezekea kanisa. Katekista Kasian akatangaza kwamba baada ya mwezi mmoja popo wa darini watafukizwa moshi. Watu walifurahi, maana mavi ya popo yalikuwa yamewaangukia vya kutosha. Mume wangu Fanueli, fundi seremala, hakufurahi.

Binti yetu Evarista, alipougua mwaka uliotangulia, kila jioni alimwomba baba yake ampakate mlangoni petu, nyuma ya kanisa, awatazame popo wakitoka darini. Alifariki akiwa na miaka saba. Fanueli aliendelea kukaa pale mlangoni, na mimi nilijua kwamba popo wakienda zao, hatakuwa na la kungojea tena.

Basi akaunda masanduku manne ya mbao, akayatundika mitini nyuma ya kanisa ili popo wahamie humo. Ila Mhehe ni Mhehe. Kwetu, mzinga haupandishwi mtini bila kupakwa nta ndani, nyuki wavutike. Mikono ya Fanueli ikapaka nta bila kumuuliza mwenyewe. Haikuisha wiki, nyuki wakajaa masanduku yote.

"Fundi, popo wako wanauma," Kasian alimwambia, jicho limemvimba.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtazama Fanueli usoni, kicheko kikaniisha.

Akaomba mbao kuukuu za dari zilizokwisha kung'olewa upande mmoja, zile zilizonuka popo, ambazo hakuna aliyezitaka hata kwa kuni. Akaunda masanduku mengine, mdomo chini, bila nta, akayatundika mitini. Siku ikafika, moshi ukapigwa, popo wakatawanyika.

Wiki zikapita, miti kimya. Mvua zikaanza. Nilimwambia aingie ndani, baridi yetu ya Mufindi haina mchezo, akajifunga blanketi akabaki palepale. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Jioni moja ya Desemba nilimletea uji palepale mlangoni. Popo mmoja akachomoka kwenye sanduku, akafuata wa pili, halafu wengi.

"Hao wametoka, Evarista," Fanueli alisema taratibu, mikono ameikunja mapajani kama aliyepakata mtoto.

Tangu tumzike hakuwa amelitaja jina lile. Nikaweka uji chini, nikalia kwa sauti, wala sikujali nani anapita njiani.